Mkazi wa Thika na Ruiru anavyoweza kufuatilia mswada kabla haujawa sheria

WAKAZI wengi wa Thika na Ruiru hupata habari za sheria mpya ya ada siku ile askari wa kaunti wanaposimama mlangoni mwa duka wakitaka kuona leseni. Wakati huo mswada umekwisha kusomwa, kujadiliwa, kutiwa sahihi na kuchapishwa, na mwenye malalamiko hubakiwa na mahakama, njia iliyo ndefu na yenye gharama.

Makala haya yanaeleza mswada unapopitia, miezi unayopitia na mahali ambapo mkazi anaweza kuukuta ukiwa bado njiani.

Jambo la kwanza ni kujua unatawaliwa na bunge lipi la kaunti, na swali hilo si la mzaha katika eneo hili. Githurai 44 iko Nairobi ilhali Githurai 45 iko katika eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Kahawa West ni ya Nairobi, lakini Kahawa Sukari na Kahawa Wendani ni wadi za Ruiru. Upande wa Thika, wapo watu ambao wakiulizwa wanakoishi husema Thika, nao hupigia kura Gatanga, Kaunti ya Murang'a. Mtu aweza kulala upande mmoja wa mpaka na kufungua kibanda upande wa pili. Ada ya kibanda anatozwa na kaunti moja, na diwani wake yuko katika kaunti nyingine. Malalamiko kama hayo yakipelekwa katika bunge lisilohusika, hayana pa kuanzia.

Mpangilio wa sasa si wa zamani sana. Hadi kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, Thika, Ruiru na Juja zilikuwa katika eneobunge moja la Juja, kisha zikagawanywa kuwa tatu. Manispaa za Thika na Ruiru nazo zilikuwa na madiwani na mameya wao, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Sheria ndogo walizotunga zilihitaji idhini ya Waziri wa Serikali za Mitaa jijini Nairobi, na mabaraza yenyewe hayakusifika kwa usafi wa mikono. Hata hivyo, mfanyabiashara wa Thika aliyekuwa na hasira aliweza kutembea kwa miguu hadi ofisi za manispaa yake.

Leo uamuzi kuhusu ada ya soko la Madaraka hutolewa mjini Kiambu, linakokutana Bunge la Kaunti. Bunge hilo lina wadi 60. Thika Mjini ina tano, yaani Township, Kamenu, Hospital, Gatuanyaga na Ngoliba. Ruiru ina nane: Gitothua, Biashara, Gatongora, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, Kiuu, Mwiki na Mwihoko. Jumla ni 13 kati ya 60, mbali na wanachama walioteuliwa. Kwa hivyo diwani anayewaahidi wakazi kwamba "atauzima" mswada fulani anahitaji kuulizwa ni akina nani wa Limuru, Lari au Githunguri watakaomuunga mkono.

Yafaa kukumbuka kwamba katika sensa ya 2019 mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu 490,120 na Thika 251,407, katika kaunti yenye watu 2,417,735. Ndani ya bunge, hata hivyo, kinachohesabiwa ni kura ya kila wadi.

FUNZO LA 2013

Mfano ulio karibu zaidi na wakazi hawa ni Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, ya kwanza kutungwa na bunge hilo baada ya ugatuzi kuanza. Wakazi waliokerwa na ada zilizowekwa walikwenda katika Mahakama Kuu wakidai kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ya kaunti ilijitetea kwamba umma ulikuwa umealikwa kutoa maoni.

Mnamo Aprili 17, 2014, Jaji George Odunga aliibatilisha sheria hiyo. Alisema kushirikisha umma kunapaswa kuwa kwa kweli, si kutimiza desturi tu, na kwamba bunge la kaunti lina wajibu wa kutumia njia nyingi kadiri iwezekanavyo kuwafikia watu: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio za kitaifa na zile za lugha za mama, na kila mahali ambapo watu hujulikana kukusanyika. Kaunti ilikata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo.

Tangu hapo uamuzi huo wa Kiambu umekuwa ukitajwa katika kesi nyingi za kaunti nyingine. Ni ajabu kidogo kwamba unajulikana vyema zaidi miongoni mwa mawakili wa Nairobi kuliko miongoni mwa wachuuzi wa Ruiru, ambao ulitolewa kwa faida yao.

Msingi wake umo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake hadharani na lishirikishe umma katika kutunga sheria. Kifungu cha 201 kinadai uwazi na ushirikishaji katika masuala yote ya fedha za umma, na cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa Bunge la Kitaifa na Seneti, wajibu kama huo umo katika Kifungu cha 118.

KALENDA YA KUZINGATIA

Miswada mingi huja wakati wowote. Ile ya fedha ina tarehe zake, zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na anayezijua hahitaji kungoja tangazo.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Kufikia Septemba 1 serikali ya kaunti huwa imewasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Barabara ya mtaa au zahanati ambayo haimo katika mpango huo huwa na kazi ngumu ya kuingia katika bajeti baadaye. Kufikia Februari 28 huwasilishwa taarifa ya mkakati wa fedha, ambamo kila idara huwekewa kiwango chake, nalo bunge lina siku 14 tu za kuijadili. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na kufikia Juni 30 bunge huwa limepitisha mswada wa matumizi.

Wakazi wengi hujitokeza mwezi wa Mei, bajeti inapozungumzwa kila mahali. Wakati huo viwango vya idara vilikwisha kukubaliwa tangu Machi, na kinachobaki ni kuhamisha kiasi kidogo kutoka mradi huu hadi ule. Anayetaka fedha zaidi kwa hospitali au soko anafaa kuwa amesema Februari.

Mswada wa Fedha wa kaunti, ule unaotaja ada za leseni, maegesho, vibanda na mabango, huja baada ya hapo. Bunge hupewa siku 90 tangu kupitishwa kwa mswada wa matumizi kuujadili na kuuidhinisha. Kwa kawaida basi, miezi ya kuuvizia ni Julai, Agosti na Septemba, wakati ambapo wengi hudhani msimu wa bajeti umekwisha.

Kwa serikali ya kitaifa mambo ni kinyume: Mswada wa Fedha huwasilishwa kufikia Aprili 30 na hutakiwa kupitishwa kufikia Juni 30, pamoja na bajeti. Wasomaji wengi huchanganya miswada hii miwili. Ule wa kitaifa hugusa ushuru wa thamani, ushuru wa bidhaa na kodi ya mapato. Kaunti, kwa mujibu wa Kifungu cha 209, inaweza kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za huduma inazotoa.

NDANI YA BUNGE

Kanuni ya jumla ni kwamba mswada wa kaunti huchapishwa kwanza katika Gazeti Rasmi. Husomwa mara ya kwanza, ambapo hakuna mjadala. Kinachosomwa ni jina lake. Kisha hupelekwa kwa kamati inayohusika, na hapo ndipo penye mlango wa mwananchi. Kamati ndiyo inayoita vikao vya kusikiliza umma, kupokea maoni yaliyoandikwa na kupendekeza marekebisho. Baada ya ripoti yake hufuata kusomwa mara ya pili, ambapo wanachama hujadili kusudi la mswada. Kisha kamati ya bunge zima, ambapo kila kifungu hupigiwa kura. Kisha kusomwa mara ya tatu.

Katika meza ya uhariri tumerekebisha mara nyingi habari zinazosema mswada "umepitishwa" ilhali umesomwa mara ya pili tu. Kosa hilo si dogo. Msomaji anayeamini mambo yamekwisha huacha kuandika barua ambayo ingeweza kubadilisha kifungu siku mbili baadaye. Vivyo hivyo, hoja si mswada. Hoja ya diwani kuitaka serikali ijenge kituo cha bodaboda ikipita haiwi sheria. Ni maoni ya bunge. Lakini kuna hoja zenye uzito mkubwa: kwa hoja, si kwa mswada, Bunge la Kiambu lilimng'oa Gavana Ferdinand Waititu mnamo Desemba 19, 2019, na Seneti ikaidhinisha hatua hiyo Januari 29, 2020.

Mswada ukipita hupelekwa kwa gavana, ambaye ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha akieleza pingamizi zake. Bunge likiupitisha tena bila kuzingatia pingamizi hizo linahitaji theluthi mbili ya kura. Hata ukitiwa sahihi, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema hauanzi kutumika hadi uchapishwe katika Gazeti Rasmi, na kwa kawaida huanza siku 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa umetaja tarehe nyingine. Mfanyabiashara anayedaiwa ada mpya ana haki ya kuuliza sheria husika ilichapishwa lini.

Bungeni Nairobi mkondo ni ule ule, ila miswada inayohusu kaunti hupitia Seneti pia, na mabunge hayo mawili yakitofautiana huundwa kamati ya upatanishi. Vikao vya Bunge la Kitaifa huwa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri.

Kuhusu kura za wabunge, tukio la 2024 lingali kumbukumbu chungu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita hatua ya mwisho Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, siku ambayo waandamanaji waliingia majengo ya Bunge na watu wakauawa. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Wengi waliutambua mswada huo kupitia orodha za wabunge zilizosambazwa kwa simu, baadhi zikiwa na makosa. Orodha ya kuaminika imo katika Hansadi: kura ya kuhesabiwa ikipigwa, jina la kila mbunge na upande wake huandikwa. Mkazi wa Thika Mjini au Ruiru anaweza kusoma mwenyewe mbunge wake alisimama wapi, bila kutegemea maneno ya mkutanoni.

Sheria ya Fedha ya mwaka uliotangulia ina somo jingine. Julai 31, 2024, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 kwa sababu, miongoni mwa nyingine, vifungu viliongezwa baada ya umma kusikizwa. Oktoba 29, 2024, Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Kwa hivyo asiyefuata mswada hadi kamati ya bunge zima, akiridhika kwamba alihudhuria kikao cha kwanza, aweza kukuta mwishoni vifungu ambavyo hakuwahi kuviona.

THIKA KUWA JIJI

Suala jingine litakalowahusu wakazi hawa ni hadhi ya jiji, ambayo wanasiasa wa Thika wameizungumzia kwa miaka mingi. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, baada ya kurekebishwa 2019, inataka jiji liwe na angalau watu 250,000. Kwa hesabu ya sensa Thika iliuvuka mstari huo kwa watu 1,407 tu, na Ruiru kwa mbali zaidi. Lakini idadi haitoshi. Ombi hutoka kwa bodi ya manispaa, likapitia serikali ya kaunti, kamati maalumu ya kuchunguza, bunge la kaunti na Seneti, kisha Rais hutoa hati. Katika kila kituo kati ya hivyo kuna ripoti inayoweza kudaiwa na kusomwa, ikiwemo sehemu inayoeleza ada na kodi zitakavyokuwa.

Kwa atakaye kuanza, ofisi ya karani wa bunge la kaunti ndiyo hutunza miswada, ratiba ya shughuli za siku na ripoti za kamati. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Maoni yaandikwe, hata kwa ukurasa mmoja. Yataje jina la mswada, nambari ya kifungu, kinachopingwa na maneno yanayopendekezwa badala yake. Mwenye kuandika "ada zimezidi" hutiwa katika fungu la waliolalamika. Anayeandika kwamba ada ya kibanda katika jedwali fulani ipunguzwe kutoka kiasi hiki hadi kile huwa ameipa kamati kitu cha kupigia kura. Nakala moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na kubaki kwa mwandishi, maana ndiyo ushahidi atakaohitaji iwapo jambo hilo litafika mahakamani.