Walipoambiwa Kweli Hawakusadiki

Jumanne tarehe 9 Juni 2020, serikali ya Burundi ilitangaza kwamba Rais Pierre Nkurunziza alikuwa amefariki dunia siku moja kabla yake katika hospitali ya Karuzi. Tangazo lilieleza kwamba Jumamosi alikwenda kutazama mchezo wa voliboli, usiku akajisikia vibaya, akapelekwa hospitalini, Jumapili akapata nafuu, na Jumatatu moyo wake ukasimama. Sisi wa Mutaho, kaskazini mwa mkoa wa Gitega, Karuzi ni jirani zetu wa upande wa mashariki. Jioni ile sokoni watu walizungumza kwa sauti ndogo, na sikumsikia hata mmoja akitaja moyo. Wote walitaja korona.

Insha hii haikusudii kuamua rais alikufa kwa ugonjwa gani. Ninachofuatilia ni swali ambalo tarehe zinaweza kulijibu: kwa nini tangazo la serikali, hata lingekuwa kweli tupu, lilipokewa na watu wengi kama kifuniko cha chungu, kila mtu akitaka kujua kuna nini ndani?

Tuanze na miezi michache ya nyuma. Tarehe 31 Machi 2020, Waziri wa Afya Thaddée Ndikumana alitangaza wagonjwa wawili wa kwanza wa korona nchini, Warundi waliotoka safari, mmoja Rwanda na mwingine Dubai. Kabla ya hapo viongozi walikuwa wamekwisha kutuambia kwamba Burundi ni nchi ya pekee kwa sababu imemtanguliza Mungu. Rwanda, nchi jirani, ilifunga masoko na kuwaamuru watu wakae majumbani. Sisi tulifungua kampeni ya uchaguzi. Tarehe 27 Aprili, chama tawala kilizindua kampeni yake katika tarafa jirani ya Bugendana, mbele ya maelfu ya watu waliobanana bega kwa bega. Wengi wa Mutaho walikwenda. Tuliambiwa kunawa mikono, na ndoo za maji ziliwekwa kweli mlangoni. Ndani ya uwanja hapakuwa na nafasi hata ya kugeuka.

Kisha yakaja mambo mawili ambayo watu wa kawaida waliyaweka pamoja wenyewe, bila kufundishwa na mtu. La kwanza: waangalizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliotaka kuja kutazama uchaguzi waliambiwa kwamba wakifika watatengwa siku 14 kwa ajili ya korona, na kwa kuwa uchaguzi ulikuwa tarehe 20 Mei, hawakuja. La pili: kwa barua ya tarehe 12 Mei, mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wenzake watatu walitakiwa kuondoka nchini kabla ya wiki kwisha. Basi ugonjwa ulikuwa hatari ya kutosha kumfungia mgeni ndani wiki mbili, lakini haukuwa hatari ya kutosha kuzuia mkutano wa maelfu. Shangazi yangu, ambaye anauza sabuni na chumvi sokoni na hajawahi kusoma zaidi ya darasa la nne, alisema: "Mwanangu, anayekukataza kutazama ndani ya nyumba ana kitu ndani." Sikuwa na la kumjibu.

Mwishoni mwa Mei vyombo vya habari vya Kenya viliripoti kwamba mke wa rais amepelekwa Nairobi kwa matibabu. Habari hiyo ilitufikia kwa WhatsApp, si kwa redio. Siku chache baadaye likaja tangazo la Karuzi. Hadi wakati huo, kifo kimoja tu cha korona kilikuwa kimetangazwa rasmi katika nchi yenye watu wapatao milioni 12. Kila mtu alikuwa na hesabu yake mwenyewe ya mazishi ya kilimani kwake. Huenda wengi wa wafu hao walikufa kwa malaria au uzee. Lakini kwa kuwa hesabu ya serikali haikuaminika, ya jirani ndiyo iliyobaki.

Wafanyabiashara wa njia ya Muyinga nao hawakupata msaada ng'ambo ya mpaka. Mtu aliyepita Karuzi na Muyinga hadi Kobero kununua bidhaa za Tanzania alikuta huko nako hesabu zimesimama. Serikali ya Tanzania ilitoa takwimu zake mara ya mwisho tarehe 29 Aprili 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha ikanyamaza zaidi ya mwaka mmoja. Rais Magufuli alieleza mapema Mei kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na majibu yakatoka kuwa zina virusi. Hivyo dereva wa lori aliyeulizwa habari kule Muyinga alikuwa na pande mbili za mpaka zisizosema kitu, na alijaza pengo hilo kwa aliyoyasikia njiani.

Mtu anaweza kusema kwamba haya yalikuwa makosa ya miezi mitatu tu, na kwamba uchaguzi huharibu akili za watu kila mahali. Mimi sikubali. Karuzi ileile ilikuwa imetajwa sana redioni mwanzoni mwa mwaka ule, kwa sababu nyingine. Januari na Februari 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu, mkoani Karuzi, na ikatangaza kwamba imepata mabaki ya watu zaidi ya 6,000, pamoja na vipande vya nguo, miwani na rozari ambazo baadhi ya familia zilizitambua. Walikuwa wameuawa mwaka 1972. Serikali ya Rais Micombero wakati ule ilieleza ulimwengu, katika kitabu chake cheupe, habari za uasi ulioanza mwishoni mwa Aprili na Watutsi waliouawa na waasi, jambo ambalo lilitokea kweli. Wahutu wengi mno waliochukuliwa baada ya hapo kutoka mashuleni, maofisini na makanisani, hawakuhesabiwa. Familia zao hazikuruhusiwa kuomboleza, kwa kuwa waliokufa waliitwa *abamenja*, wasaliti. Kwa miaka 48 watu wa kando ya Ruvubu walijua waliolala pale, na serikali baada ya serikali hazikusema. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo hujifunza mapema kwamba kuna habari ya redio na kuna habari ya nyumbani.

Mwaka 1993 ulifundisha somo hilo kwa ukali zaidi. Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi, aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba, miezi mitatu na siku chache baada ya kuapishwa. Redio ya taifa haikuwa tena mikononi mwa serikali. Watu wa vilimani waligeuza redio zao wakasikiliza Redio Rwanda, ambako mawaziri waliokuwa Kigali walizungumza. Katika pengo lile, kati ya redio iliyonyamaza na redio ya nchi nyingine, jirani alimgeukia jirani. Mkoa wa Gitega uliumia sana, na Mutaho ikawa na kambi ya waliokimbia vilima vyao, ambayo ilidumu miaka mingi baada ya vita. Sisemi kwamba habari sahihi ingezuia mapanga. Nasema kwamba waliopona, Wahutu kwa Watutsi, walitoka na kumbukumbu moja wanayoshirikiana: siku ya hatari redio ya serikali haitakuambia kitu.

Baada ya hapo palikuwa na kipindi cha ahueni, na haki ni kukitaja. Studio Ijambo ilianza mwaka 1995, ikiwa na waandishi Wahutu na Watutsi waliokwenda pamoja kuchunguza tukio moja. Zikafuata Bonesha, Redio ya Umma ya Afrika na Isanganiro. Kwa miaka kumi na zaidi Mrundi aliweza kusikia tangazo la waziri saa moja na kulipima kwa redio nyingine saa mbili. Nadhani hapo ndipo imani inapojengwa: si kwa sababu serikali husema kweli daima, bali kwa sababu ikisema uongo utajulikana. Siku za tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio hizo zilishambuliwa, nyingine zikachomwa. Isanganiro ilifunguliwa tena mwaka uliofuata, lakini mambo hayakurudi kama zamani. Mwezi Machi 2019 BBC ilinyang'anywa leseni na Sauti ya Amerika ikasimamishwa bila kikomo. Korona ilipofika, mizani ilikuwa imekwisha kuvunjwa.

Tuliposoma darasani habari za Chernobyl, wanafunzi wenzangu walishangaa kwa nini nilicheka. Nilicheka kwa sababu nilikuwa naijua hadithi ile. Mtambo wa nne wa kiwanda kile cha umeme wa nyuklia, katika Ukraine ya Umoja wa Kisovyeti, ulilipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Mji wa Pripyat, wenye watu karibu 50,000, ulihamishwa siku iliyofuata mchana, na watu waliambiwa kwamba wanaondoka kwa muda tu. Dunia ilijua tarehe 28, si kutoka Moscow, bali kwa sababu vipimo vya kiwanda cha Forsmark nchini Sweden, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale, viligundua mionzi isiyokuwa yao. Jioni ile televisheni ya Kisovyeti ilisoma tangazo fupi. Tarehe 1 Mei watoto wa Kyiv waliandamana barabarani kusherehekea sikukuu ya wafanyakazi. Gorbachev alihutubia taifa tarehe 14 Mei, siku 18 baada ya mlipuko.

Ukimya wenyewe haukunishangaza. Kilichonishika ni kilichofuata. Baadaye wataalamu walipowaambia watu wa maeneo ya mbali kwamba mionzi huko kwao ni kidogo na hatari yake si kubwa, wengi hawakusadiki, na walikuwa na sababu. Waliishi kwa hofu miaka mingi, kila kichwa kikiuma wakidhani ni mionzi. Mwaka 2005 ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali za nchi zilizohusika ilisema kwamba madhara ya afya ya akili ndiyo tatizo kubwa zaidi la afya ya umma lililotokana na ajali ile. Baadhi ya madaktari waliwacheka watu hao kuwa wana woga wa mionzi. Mimi naona woga ule ulikuwa na asili yake katika siku zile 18.

Sasa turudi Burundi, maana hapa ndipo somo la Chernobyl lilipotukuta. Évariste Ndayishimiye aliapishwa mjini Gitega tarehe 18 Juni 2020. Mwisho wa mwezi uleule alibadilisha lugha kabisa. Alisema korona ndiyo adui mkubwa kuliko wote, akatangaza kupunguzwa kwa nusu bei ya sabuni ya bluu, na mwezi Julai kampeni ya upimaji ikaanza kwa jina la Kirundi *Ndakira, sinandura kandi sinanduza abandi*: ninapona, siambukizwi wala siwaambukizi wengine. Hii ndiyo habari ambayo nchi ilikuwa inaisubiri tangu Machi. Serikali ilisema kweli.

Sabuni iliisha mezani kwa shangazi kwa siku chache. Upimaji ulikuwa kazi nyingine. Mutaho tulisikia kwamba anayepimwa ndiye anayepewa ugonjwa. Kwamba ukikutwa nao utachukuliwa usirudi. Kwamba idadi imeanza kutajwa kwa sababu kuna fedha za wazungu. Hakuna lililokuwa kweli kati ya hayo. Watu walewale ambao mwezi Mei walikuwa na akili ya kuona kinachofichwa, mwezi Julai walikataa kilichoonyeshwa. Mimi mwenyewe sikwenda kupimwa, nami ni mwanafunzi wa chuo.

Chanjo ilikuja kwa kuchelewa. Februari 2021 Waziri wa Afya alisema kwamba Burundi haioni haja ya chanjo bado, kwa kuwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa wanapona. Oktoba mwaka ule serikali ileile ilipokea dozi za Sinopharm kutoka China na kuwaita watu waje wachanjwe, karibu ikiwa ya mwisho duniani kuanza. Kwa muda mrefu waliojitokeza hawakufika hata mmoja katika kila watu mia. Wako walioandika kwamba Warundi wana ujinga au wanaogopa sindano. Lakini Burundi ni nchi ambamo watoto zaidi ya tisa katika kila kumi hupata dozi zote tatu za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Akina mama hutembea kilomita nyingi kushuka na kupanda vilima, mtoto mgongoni na kadi yake mkononi, bila kulazimishwa. Shangazi amewapeleka watoto wake sita.

Nilimuuliza kwa nini ya korona hakuipokea. Alinijibu kwamba ile ya watoto aliambiwa na muuguzi wa kituo chetu cha afya, miaka yote muuguzi yuleyule, na hakuwahi kumwambia leo hivi na kesho vingine.