Bondi ya upili

bondi ya upili *nm* [i-/zi-] (kem., biol.) Mvutano dhaifu unaoshikamanisha molekuli na molekuli, au sehemu moja ya molekuli kubwa na sehemu nyingine, pasipo atomi kugawana wala kuhamishiana elektroni kama ilivyo katika bondi za msingi. *Mf.* bondi ya haidrojeni. Kani za van der Waals.

Matumizi. Isiandikwe *bondi ya pili*. *-a pili* huonyesha mfuatano, na msomaji atadhani inatajwa bondi mojawapo ya bondi maradufu, ilhali hizo zote ni za msingi. *Upili* hutaja daraja. Wapo wanaopendelea *kifungo*; ni neno zuri la Kiswahili, ila *kifungo cha haidrojeni* hakijaepuka harufu ya gereza.

Utata mkubwa umo katika *bondi ya haidrojeni*, kwa kuwa kihusishi *ya* hakielezi haidrojeni imeshikana na nini. Ndani ya molekuli ya maji, haidrojeni imeungana na oksijeni yake kwa bondi ya kovalenti. Bondi ya haidrojeni ni mvutano kati ya haidrojeni hiyo na oksijeni ya molekuli jirani. Kuvunja moli moja ya bondi ya kwanza huhitaji takriban kilojuli 460. Ya pili, takriban 20 tu. Kwa hiyo sentensi kama *maji yakichemka, bondi za haidrojeni na oksijeni huvunjika* humfundisha mwanafunzi uongo, kwamba mvuke ni mchanganyiko wa gesi mbili. Iandikwe: *maji yakichemka, molekuli zake huachana.*

Kitenzi nacho kichaguliwe kwa uangalifu. Kwa bondi za msingi, *kuungana* na *kuvunjika* vinafaa. Kwa za upili, napendekeza *kushikamana*, *kuvutana*, *kuachana*, *kufumuka*: vitenzi vya vitu vinavyogusana bila kuwa kitu kimoja. Nyuzi mbili za DNA hushikamana kwa bondi za haidrojeni, mbili kati ya adenini na thaimini, tatu kati ya guanini na sitosini. Wakati wa kunakiliwa hufumuka, lakini kila uzi hubaki mzima. Mfasiri akiandika *DNA huvunjika*, ametaja madhara, si kazi ya kawaida ya seli.

Tanbihi. *Daraja la disalfaidi* katika protini si bondi ya upili, ijapokuwa vitabu hulieleza sambamba nazo. Ni bondi ya kovalenti kati ya atomi mbili za salfa. Nywele zinaonyesha tofauti hiyo vizuri. Zilizonyooshwa kwa kitana cha moto zimebadilishwa bondi za haidrojeni tu, hivyo zikilowa hujisokota tena. Zilizotiwa dawa ya kunyoosha zimevunjwa madaraja ya disalfaidi. Hizo hubaki zimenyooka hata zikilowa, na mwenyewe husubiri nyingine ziote.

*Taz. pia:* bondi ya kovalenti, bondi ya ayoni, kani.