Safari ndefu ya kumpata bingwa wa neva na misuli ya watoto

MTOTO wa kiume aliyekuwa akitembea vizuri, kisha akaanza kuanguka kila mara na kujiinua kwa kushika mapaja yake, mara nyingi hudhaniwa kuwa mvivu. Daktari aliyefunzwa huona jambo jingine: misuli ya nyonga na mapaja inadhoofika. Atafikiria kwanza maradhi ya Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaompata takriban mvulana 1 katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa.

Mafunzo ya kumwezesha daktari kulitambua hilo huchukua zaidi ya mwongo mmoja. Jijini Nairobi, sehemu kubwa ya safari hiyo hupitia magharibi mwa katikati ya jiji. Mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi huanzia bewa la Chiromo, anakosoma maumbile ya mwili na jinsi amri ya ubongo inavyoteremka kupitia uti wa mgongo na neva hadi kwenye msuli. Kisha huenda Hospitali Kuu ya Kenyatta (KNH), karibu na Barabara ya Ngong, anakokutana na wagonjwa wenyewe.

Baada ya takriban miaka 6 ya masomo na mwaka 1 wa kazi chini ya uangalizi, anayetaka kuwa bingwa wa watoto husomea shahada ya uzamili kwa angalau miaka 3. Ubingwa wa neva za watoto huja baadaye, kwa kawaida kwa miaka 2 zaidi. Baadhi ya madaktari wa Kenya wameupata katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, kupitia mpango wa kuwafunza mabingwa wa watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika ili warejee kwao kutibu na kufundisha wengine.

Kiini cha ubingwa huo ni kutambua mahali penye kasoro. Mtoto mchanga aliyelegea mwili mzima ilhali macho yake ni makini huenda ameathirika katika seli za uti wa mgongo. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache, huku mguu usiruke goti linapogongwa kwa nyundo ndogo, huashiria neva zenyewe, kama katika ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao huweza kuzuia kupumua. Kope zinazolegea zaidi jioni huelekeza kwenye maungio ya neva na msuli.

Kosa moja ni rahisi kufanywa. Misuli inayoharibika humwaga katika damu vimeng'enya ambavyo pia hupimwa kuchunguza ini. Mtoto mwenye Duchenne anaweza kutibiwa ini lisilo na kasoro, ilhali kipimo cha kreatini kinasi kingeonyesha kwamba tatizo ni misuli.

Ujuzi huu una kazi nyingine ya kitaifa. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea kiungo kwa ghafla sharti aripotiwe, na sampuli 2 za kinyesi zichukuliwe katika muda wa siku 14, zikiachana kwa angalau saa 24, ili zipimwe polio. Afrika ilitangazwa kuwa huru kutokana na virusi asilia vya polio mwaka wa 2020, lakini uangalizi huo haujakoma.

Kuchelewa kuna gharama. Dawa za steroidi huongeza muda ambao mtoto mwenye Duchenne anaweza kutembea. Dawa ya kwanza ya kudhoofika kwa seli za uti wa mgongo iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2016, na tiba ya jeni ya mwaka wa 2019 ilianza kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Zote hufaa zaidi zikitolewa mapema.

Hata pasipo dawa hizo, mazoezi ya viungo, vyuma vya miguu na uangalizi wa kupumua hurefusha maisha. Wataalamu wa kazi hizo hufunzwa katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC), jirani ya KNH.

Kwa hivyo safari ya mgonjwa haianzi kwa bingwa. Huanza kwa muuguzi au tabibu wa zahanati ya Kangemi au Kawangware anayetambua kwamba mtoto amepoteza uwezo aliokuwa nao, na kumpa rufaa bila kungoja.