Kurudi Mazoezini Baada ya Upasuaji wa Shingo

Shingo ya binadamu ina pingili 7. Zinazosumbua zaidi ni za chini, baina ya pingili ya 5 na ya 6, au ya 6 na ya 7: diski ikichomoza hapo hubana mshipa wa fahamu, mkono ukawaka moto au ukafa ganzi. Unguja, wagonjwa wa namna hii hupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, kwenye taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo iliyofunguliwa 2014 kwa msaada wa shirika la NED la Hispania.

Lini mtu atarudi kucheza hutegemea alichofanyiwa. Aliyepanuliwa tundu la mshipa tu husubiri misuli ipone. Aliyetolewa diski na kuunganishwa pingili, kwa njia iliyoelezwa na Smith na Robinson mwaka 1958, hana ujanja: mifupa miwili lazima iote iwe mmoja, nayo huchukua miezi 3 hadi 6, pengine mwaka. Bamba na skrubu kazi yake ni kuishika tu wakati inaota. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Wiki ya 6 kidonda kimefunga, mkono umetulia, mtu anajiona mzima, kumbe ndani mfupa haujakomaa. Sigara huuchelewesha, na baadhi ya dawa za maumivu pia.

Kutembea huanza mapema, mara nyingi siku ya pili. Kwa hilo mkaazi wa Michenzani, mjini Unguja, ana bahati. Majumba yale marefu ya zama za Rais Karume, yaliyochorwa na Wajerumani Mashariki, ni kipimo tosha: leo urefu wa jumba moja, wiki ijayo mawili. Ngazi nazo ni zoezi, ila ndoo ya maji abebe mwengine. Wiki za mwanzo kilo 2 hadi 5 ndiyo mwisho. Kuhusu kusujudu, muulize daktari, na mwenye udhuru husali kwa kukaa.

Kukimbia na kunyanyua vyuma hungoja picha ya eksirei ionyeshe mfupa umeshika. Anayetaka kuungana na umma kwenye mazoezi ya viungo yanayofanyika Zanzibar kila tarehe 1 Januari aanze kuhesabu miezi tangu mapema. Mpirani, pasi hurudi kabla ya kupiga kichwa.

Michezo ya kugongana ina sheria kali zaidi. Aliyeunganishwa kiungo kimoja, asiye na maumivu, mwenye nguvu kamili na shingo inayogeuka, huweza kuruhusiwa: Peyton Manning, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, aliunganishwa 2011, akarudi uwanjani 2012. Viungo viwili, madaktari hubishana. Vitatu, au pingili mbili za juu kabisa, judo na ndondi basi.

Kuchupa baharini Forodhani, ufukoni mwa Mji Mkongwe, kwa kutanguliza kichwa ni jambo jengine. Maji pale hupwa na kujaa kwa karibu mita 4 wakati wa bamvua, na kina cha asubuhi si cha alasiri. Aliyewahi kupasuliwa shingo aingie baharini kwa miguu.