Mji Kasoro Bahari: Nani Aliuchora Mtaa wa Soko?

Watani wanaiita Morogoro "mji kasoro bahari". Maana yake kila kitu kipo: mlima, mito, matunda, reli, barabara kuu. Kilichokosekana ni ufukwe tu. Nimeupenda utani huu tangu utotoni, ila nadhani umetufanya wavivu wa kuuliza. Mji wenye kila kitu ulipangwa na nani? Na huo mtaa wa biashara tunaousifia au kuulalamikia, nani alichagua uwe pale ulipo?

Ukiwauliza watu wa mipango watakuonyesha ramani. Mimi naomba tuanze na miguu. Kabla jua halijachomoza, wamama na vijana wanateremka kutoka vijiji vya milimani, mizigo kichwani: ndizi, maparachichi, mboga, viazi. Wa Mgeta, kule Nyandira na Langali, mboga zao zinakuja na magari. Wote wanakwenda sehemu moja, sokoni. Njia hizo za miguu zina umri kuliko ofisi yoyote ya ardhi, na naamini historia ya biashara ya Morogoro ni historia ya kuvutana kati ya njia hizo na kalamu za wapangaji.

Tuanzie karne ya 19. Kabla ya jina Morogoro kushika, palikuwa na Simbamwene, mji wa Kisabengo, mtu wa asili ya Kizigua aliyejijengea ngome chini ya Uluguru, kando ya mto. Baada yake alitawala binti yake. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akashangaa kuona ukuta wa mawe wenye minara. Kwa nini ngome ile ilikaa pale? Kwa sababu misafara ya kutoka pwani ilipita pale, ikihitaji maji na chakula, na chakula kilitoka mlimani. Mtawala alitoza ushuru, akalinda njia, akatajirika. Huo ndio mpango wa kwanza wa uchumi wa mji huu tunaoujua: kaa penye njia, toza anayepita. Mwaka 1872 mafuriko yakasomba sehemu ya ukuta. Stanley aliporudi aliyaona mabaki, akayaandika kwenye kitabu chake. Njia yenyewe haikusombwa.

Wajerumani walikuja na reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 treni ikafika Morogoro. Hapo ndipo mji wa kisasa ulipojishika. Maduka yakasogea karibu na stesheni, mashamba ya mkonge kama Tungi yakapata pa kupakia, na mitaa ikaanza kunyooka. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza desturi ya miji yote ya Tanganyika: uzunguni kwenye hewa na miti, uhindini kwenye maduka, uswahilini kwenye msongamano. Mtaa wa biashara ukawa na mpaka usioandikwa. Mluguru aliruhusiwa kuleta ndizi. Kuwa na fremu ya duka, hiyo ilikuwa habari nyingine.

Sasa twende mlimani kidogo, maana bila mlima hadithi hii haikamiliki. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Kwenye makaratasi ulikuwa mpango mzuri kabisa: udongo unamomonyoka, mito inajaa matope, basi wakulima wachimbe matuta ya ngazi. Ikawa lazima, na asiyechimba anashtakiwa. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi udongo wa juu ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia ule wenye rutuba na kuuibua ule mkavu. Mahindi yakagoma. Watu wakafanya kazi ngumu bila malipo ili wavune kidogo kuliko zamani. Isitoshe, ardhi ya Uluguru ilikuwa ya koo, ikishuka upande wa mama, na mwenye kauli juu yake alikuwa mkubwa wa ukoo. Bwana shamba hakuwa na kauli hiyo.

Julai 1955, huko Matombo, hasira ilipasuka. Umati ulikusanyika, ghasia zikazuka, polisi wakatumia nguvu na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa palepale. TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe, ikapata wanachama wengi mlimani kuliko ambavyo hotuba peke yake zingeweza kuwaleta.

Kinachonivutia ni Mgeta. Huko, kwenye mboga za kumwagilia, ngazi zilikubalika na zinaonekana hadi leo. Kwa nini? Kwa sababu kabichi ililipa. Mkulima aliyeona faida ya ngazi aliitunza mwenyewe, bila kusukumwa. Mlima uleule, utaalamu uleule, matokeo mawili tofauti. Kama ningekuwa nafundisha mipango miji, somo la kwanza lingekuwa hilo, kabla hata ya kufungua ramani.

Uhuru ulikuja, na wapangaji wakabadilika sura. Tabia je? Tusidanganyane. Miaka ya 1970 Morogoro ilichaguliwa kuwa mji wa viwanda: ngozi, viatu, maturubai, nguo. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kikikusudiwa kuuza sehemu kubwa ya viatu Ulaya. Kuta zake zilikuwa za alumini, hewa haipiti, katika mji wenye joto la Morogoro. Uzalishaji haukuwahi kuvuka takriban asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Wakati huohuo fundi viatu wa pembeni mwa soko, mwenye sindano na kipande cha tairi, aliendelea kuuvisha mji. Hakuna mpango uliomtaja.

Zaidi ya hapo, mji wenyewe ulinyang'anywa kalamu. Mwaka 1972 serikali ilianza mfumo wa madaraka mikoani. Jina lilisema madaraka yanakwenda mikoani, ila kwa vitendo halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zikavunjwa, kwanza za wilaya kisha za miji. Takataka, mifereji, taa za barabarani, yote yakawa ya watumishi wa serikali kuu. Miji ikachakaa, kipindupindu kikaingia nchini, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 ndiyo iliyozipa msingi zilionao mpaka leo. Kwa hiyo diwani anayeomba taa za mtaa wake leo anatumia chombo kilichowahi kufutwa kabisa, na watu wazima wa mji huu wanakumbuka miaka hiyo.

Na hela je? Hapa ndipo mambo ya mtaa wa biashara yanapokuwa machungu. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ya kichwa ilifutwa, wananchi wakashangilia, na walikuwa na haki. Baadaye kodi ya majengo ikahamia TRA, na tangu 2021 tunaikatwa kwenye LUKU. Halmashauri ikabaki na nini cha uhakika? Ushuru wa soko, stendi, leseni, ada za vizimba. Kwa maneno mengine, mji unaotaka kujenga barabara na mifereji unalazimika kumtazama muuza nyanya kama kisima. Kisabengo angeuelewa mfumo huu mara moja.

Ndiyo maana halmashauri zetu zinapenda kujenga masoko na stendi. Ni huduma, na ni mradi wa kuingiza mapato pia. Februari 2021 Rais John Magufuli alizindua Soko Kuu la Chifu Kingalu, jengo la ghorofa katikati ya mji. Kusema kweli lilihitajika. Asiyekumbuka matope ya masika kwenye masoko yetu hajawahi kununua mchicha. Wakazi wa manispaa walikuwa 315,866 kwenye sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikawakuta zaidi ya 470,000. Mji wa namna hiyo hauwezi kula kutoka kwenye mabanda.

Lakini jina lile linanifanya nisimame kila nikipita. Kingalu ni jina la kurithi la watawala wa Kiluguru kule Kinole, watu waliohusishwa na mvua. Tumelichukua jina la mlima tukaliweka juu ya mlango. Je, mama aliyeteremka na mkungu mmoja wa ndizi anaweza kupita mlango huo? Kizimba kina kodi ya mwezi, na yeye ana biashara ya asubuhi moja. Ghorofa linataka mteja apande ngazi, na mteja wa ndizi hapandi, ananunua palipo na miguu yake. Kwa hiyo mama anatandika gunia chini, kwenye njia. Mgambo akija, anakusanya gunia anakimbia.

Mwaka 2021 huohuo, baada ya agizo la nchi nzima, machinga walianza kuondolewa barabarani na kupelekwa maeneo maalumu. Miaka michache nyuma walikuwa wameuziwa vitambulisho vya shilingi 20,000 na kuambiwa wasibughudhiwe. Siwalaumu waliotaka njia za waenda kwa miguu ziwe wazi. Mama mwenye mtoto mgongoni naye anahitaji kupita. Ninachosema ni kwamba muuzaji wa chini amewahi kuwa mlipa ada halali na kero, ndani ya muda mfupi, bila kubadilisha alichokuwa akiuza.

Hapa kuna jambo dogo la kufanya, wala halihitaji mkopo. Zitengwe nafasi za mkulima anayekuja na kuondoka, kwenye usawa wa ardhi, upande ule njia za mlimani zinapoingilia, kwa ushuru wa siku uliopungua thamani ya mkungu mmoja. Zifunguliwe alfajiri, zifungwe saa nne, kisha mtaa urudi kwa wapita njia. Mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao serikali yenyewe imeutumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, unasema mipango ianzie kwa wananchi mtaani na kijijini. Basi ianzie kwa wenye mizigo, saa kumi na moja asubuhi, sio saa nne ukumbini wakati wao wameshapanda mlima kurudi.

Naandika haya sasa kwa sababu mji unachorwa tena. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inaleta abiria kutoka Dar es Salaam, na stesheni mpya iko mbali na katikati ya mji wa zamani. Bajaji, vibanda na viwanja vimeshaanza kuifuata, kama maduka yalivyoifuata reli mwaka 1907, na kama ngome ilivyoifuata misafara. Upande ule wa mji bado hauna mtaa wa biashara uliokamilika, na kalamu bado ina wino. Wanaoteremka mlimani wako mbali nao kuliko walivyowahi kuwa mbali na soko lolote la mji huu. Nani atawauliza njia yao inapita wapi?