Spika za bei nafuu kwa taarab ya zamani: historia kidogo kutoka Mji wa Kale

Leo tuweke kando mambo ya programu. Watu wa hapa Mombasa huniuliza: nina pesa chache, ninunue spika gani nisikilizie taarab ya zamani, ile ya udi na fidla? Wazungu wana Mozart wao; klasiki yetu watu wa mwambao ni hii. Mwandishi wa programu hutazama data kwanza kabla hajaandika mstari hata mmoja. Hapa data ni rekodi zenyewe, basi tuanze nazo.

Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walitoa maelezo ya spika yenye koili inayosukuma koni ya karatasi. Spika nyingi za madukani leo bado hufanya kazi hivyo. Miaka hiyohiyo maikrofoni ilianza kuchukua nafasi ya ile pembe kubwa waliyoiimbia wasanii wa mwanzo. Siti binti Saad na wenzake walitoka Unguja mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodia HMV. Santuri za raundi 78 zilibeba dakika tatu hivi kila upande, na ukipita Hz 5,000 unasikia mkwaruzo zaidi kuliko muziki.

Hapa kisiwani, miaka ya 1950 kulikuwa na redio ya Sauti ya Mvita. Baadaye duka la Assanand & Sons likatoa santuri zake kwa jina la Mzuri. Halafu ikaja kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963: tepu ya upana wa milimita 3.8, ikienda sentimita 4.76 kwa sekunde. Mbwana Radio Service wa Mji wa Kale walijulikana sana kwa kaseti za taarab. Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma waliingia majumbani kwa njia hiyo. Nyingi zilirekodiwa harusini, kisha watu wakanakili nakala ya nakala. Kila nakala iliongeza mvumo na kupunguza sauti za juu.

Kwa hiyo muziki huu umebaki wapi? Katikati. Sauti ya mwimbaji, udi na fidla viko hapo. Na konsonanti, zile zinazokutofautishia neno na neno, nyingi ziko kati ya Hz 2,000 na 4,000. Taarab ni ushairi. Mvita akiimba "mato" na spika ikakuficha ile t, fumbo lote limekupita. Seti yenye sabufa kubwa na vispika vidogo vya plastiki huharibu mahali hapohapo.

Kisha kuna chumba. Nyumba za kale za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: kama mita 2.5 hadi 3. Sasa piga hesabu. Sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Chumba cha mita 2.8 huvimbisha besi ya karibu Hz 61, si mbali na uzi mnene kuliko wote wa udi. Ukiongeza sabufa humo, umelipia ngurumo.

Ushauri wangu basi ni mfupi. Nunua spika mbili ndogo za mbao zenye koni ya inchi 5 au 6 na twita, na amplifaya ya kawaida. Ukipata sanduku lisilo na tundu ni bora zaidi. Edgar Villchur alionyesha mwaka 1954 kuwa hewa iliyofungiwa ndani inaweza kuwa springi ya koni, na sanduku dogo likatoa besi safi. Mtumba si vibaya, lakini bonyeza ukingo wa koni: wa sponji huoza, wa mpira hudumu. Usibabaishwe na wati zilizoandikwa kwenye katoni. Sogeza spika mbali kidogo na ukuta, tandika mkeka, weka mito, tundika pazia zito, maana chokaa hurudisha sauti.

Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, Zein mwaka 2016. Hatutawasikia tena harusini. Kijana anayewasikia kwa spika mbovu atadhani waliimba kelele, na hatarudi tena.

Ukienda dukani beba nyimbo mbili: moja unayoijua kwa moyo, na nyingine ambayo hujapata kuisikia. Hiyo ya pili ndiyo mtihani. Ukiweza kuandika ubeti wake wa kwanza bila kurudisha nyuma, toa pesa.