SEHEMU YA 3: Siagi ya Denmark na macho ya watoto

Mama zangu, jana nilipoandika habari za matone ya vitamini A, mmoja wenu akaniuliza: "Nesi, mwanangu anaona vizuri tu, hayo matone ya nini?" Swali zuri. Jibu lake ni refu kidogo, nivumilieni.

Twende Denmark, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ng'ombe tele, maziwa tele, lakini siagi inauzwa nje kwa bei nzuri. Watoto wa maskini wakabaki na uji, majarini ya mafuta ya mimea na maziwa yaliyoenguliwa mafuta. Na tumbo lilikuwa linajaa, jamani! Ila macho yakaanza kukauka, kioo cha jicho kikatoka vidonda, wengine wakapofuka moja kwa moja. Daktari wa watoto pale Copenhagen, Carl Bloch, akawapa maziwa yenye mafuta yake na mafuta ya ini la samaki. Waliowahiwa wakapona. Mwishoni mwa vita manowari za Wajerumani zikazuia meli, siagi ikakosa pa kwenda, ikagawiwa nyumbani, na ugonjwa ukapungua. Yaani ilibidi bahari ifungwe ndipo mtoto apate siagi ya kwao. Hapo huwa natikisa kichwa.

Sasa jibu lako, mama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Alfred Sommer alikuwa akifuatilia watoto Indonesia. Akaona wale wenye dalili ndogo tu za macho, kama kutoona vizuri jioni, wanakufa zaidi kuliko wenzao. Wakajaribu vitamini A katika vijiji 450 huko Aceh. Mwaka 1986 matokeo yakatoka: vifo vimepungua kwa asilimia 34. Wengi hawakuamini, mpaka majaribio ya Nepal na Ghana nayo yakaonyesha vifo kupungua.

Kwa hiyo matone si ya macho peke yake. Jicho likionyesha dalili, mwili umeshapungukiwa siku nyingi. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apate kila baada ya miezi 6, kliniki, na iandikwe kwenye kadi. Usimwongezee ya dukani kwa kukisia, ikizidi ni sumu. Na ukiwa mjamzito usiyaguse hayo ya mtoto. Nyumbani mpe mchicha, matembele, viazi lishe, na tone la mafuta ndani, maana bila mafuta vitamini hii haiingii vizuri mwilini.

Na mtoto akianza kujigonga kwenye vitu giza likiingia, wakati wenzake wanapita tu, usingoje tarehe ya kliniki. Mlete kesho yake asubuhi.